Mbio za pikipiki: kutoka Isle of Man mpaka kijiwe cha Omurushaka

Wadau, leo siasa tuziweke kando kidogo. Nataka tuongelee mbio za pikipiki. Najua tayari kuna anayeguna, Karagwe na mbio za pikipiki wapi na wapi? Karagwe inayofahamika ni ya kahawa, ndizi na maharage, na kwa waliosoma historia ni ya Mukama Rumanyika, yule aliyewapokea Speke na Grant mwaka 1861 pale Bweranyange.

Sawa. Lakini nenda Omurushaka jioni, pale barabara ya Kayanga inapokutana na ile inayoshuka Kyerwa mpaka Murongo, ukae kijiweni nusu saa tu. Utawaona vijana wanaobishana kuhusu meno ya sproketi na sindano ya kabureta kama wengine wanavyobishana kuhusu Simba na Yanga. Na wakimaliza kubishana, ubishi unaamuliwa barabarani. Hakuna bendera, hakuna saa, hakuna gari la wagonjwa. Kuna lami ya Bugene mpaka Kyaka, kilometa 59 hivi, iliyokamilika miaka ya 2010, yenye kona za milimani ambazo mtu wa Dar anazilipia sinema kuziangalia.

Kitu kinachonivutia mimi ni kwamba kesi hii si mpya hata kidogo. Mwaka 1903 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya magari iliyoweka kikomo cha maili 20 kwa saa, yaani kama kilometa 32. Kushindana kwenye barabara za umma ikawa haiwezekani. Sasa wale waliokuwa na vyombo vyao na damu ya moto wafanye nini? Wakaangalia kisiwa kidogo katikati ya Uingereza na Ireland, Isle of Man, chenye bunge lake lenyewe. Mwaka 1904 bunge hilo likatunga sheria ya kuruhusu barabara kufungwa kwa ajili ya mashindano. Yalianza magari, pikipiki zikafuata, na tarehe 28 Mei 1907 ikafanyika TT ya kwanza.

Hapa naomba tukae kidogo maana ndipo penye utamu. Mshindi wa jumla siku hiyo alikuwa Charlie Collier, akiendesha Matchless iliyotengenezwa na familia yake. Alizunguka mara kumi, jumla kama kilometa 254, kwa saa nne na dakika nane. Piga hesabu mwenyewe: wastani wa kilometa 61 kwa saa! Bodaboda wa Kayanga mwenye abiria na tenga la kuku anakwenda hivyo akiwa anaongea na simu.

Na masharti ya mbio zile yangemfurahisha bodaboda yeyote. Pikipiki ilitakiwa iwe ya kutembelea kweli, yenye kiti na bomba la kupunguza kelele. Halafu mafuta yalipimwa. Wenye silinda moja walipewa mafuta kwa hesabu ya maili 90 kwa galoni, ambayo ni karibu kilometa 32 kwa lita, na ukimaliza mgao wako shauri yako. Kwa maneno mengine, mashindano makubwa ya pikipiki duniani yalianza kwa swali lile lile linaloulizwa kila asubuhi kijiweni, kwamba hii yako inakula kiasi gani?

Tawi la pili la mchezo likazaliwa mwaka 1924 huko Camberley, kusini mwa Uingereza. Watu wa klabu walitaka mbio za porini, kwenye vilima na matope, na anayetangulia kufika ndiye mshindi. Mchezo ukavuka kwenda Ulaya bara, ukapewa jina la motokrosi, na mwaka 1957 ukawa na ubingwa wa dunia. Motokrosi ndiyo iliyofika kwetu Afrika Mashariki na kukaa.

Kwetu, klabu za mbio za vyombo vya moto zilianza kama mambo ya walowezi, baadaye Wahindi wakaingia kwa nguvu. Wengi wetu tunakumbuka magari zaidi. Ule mkutano wa Safari ulianza mwaka 1953 kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth, ukipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Joginder Singh akaushinda mara tatu, 1965, 1974 na 1976. Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda ambaye familia yake ilikimbia Idi Amin mwaka 1972, akaushinda mara tano. Babu zetu wengi kazi yao ilikuwa kusimama kando ya barabara na kula vumbi. Pikipiki hazikupata jina kama hilo, ila leo ukienda Jamhuri Park Nairobi, au Garuga upande wa Entebbe, au Busiika kaskazini mwa Kampala, utakuta motokrosi ya klabu inaendeshwa. Uganda jina la Blick limekaa kwenye mchezo huo zaidi ya kizazi kimoja. Arusha nako wapo wenzetu wanaocheza.

Kwa asiyejua, wikiendi ya mshindani wa klabu inakwendaje? Kazi kubwa si Jumapili. Kazi ni siku zinazotangulia. Chujio la hewa linaoshwa na kupakwa mafuta, maana vumbi jekundu likiingia kwenye silinda pistoni na ringi ni kwaheri. Spoku zinakazwa moja moja. Shokapu ya nyuma inapimwa: mwenye pikipiki anapanda akiwa amevaa kila kitu, buti na kofia, na fundi anaangalia imezama kiasi gani. Kawaida wanataka kama theluthi moja ya mwendo wake wote, yaani sentimita kumi hivi. Ikizama zaidi, mbele inakuwa nyepesi na kona inakukataa. Ikizama kidogo mno, pikipiki inakurusha kama punda. Tairi zinapunguzwa upepo mpaka chini ya nusu ya ule wa bodaboda, ili mpira ushike matope.

Halafu kuna sproketi. Ukipunguza jino moja la mbele ni sawa na kuongeza kama manne ya nyuma. Unapata nguvu ya kutoka kwenye kona lakini unapoteza mwendo kwenye tambarare. Na kuna hewa yenyewe. Ukiwa meta 1,500 juu ya bahari hewa ni nyepesi kwa karibu asilimia 14 kuliko Dar, kwa hiyo injini ya kabureta iliyopangwa vizuri Kigamboni ikipanda huku juu inazidiwa na mafuta, inakohoa na kutoa moshi mweusi. Lazima ubadilishe jeti, uweke yenye tundu dogo zaidi. Jumamosi ni mazoezi na ukaguzi: breki, kofia, na mkono wa mafuta, kwamba ukiuachia unarudi wenyewe? Jumapili wanapangwa kwa umri na ukubwa wa injini, kuanzia watoto wa 50cc, na kila kundi linakimbia zaidi ya mara moja, pointi zinajumlishwa. Bendera ya njano ikipepea maana yake kuna mtu kaanguka mbele, marufuku kumpita mwenzio. Jioni wanarudi nyumbani wakiwa na matope mpaka kwenye meno, na Jumatatu watu wapo ofisini.

Sasa turudi Kyerwa. Nina binamu yangu upande wa Nkwenda, jina namhifadhi. Hajawahi kuona uwanja wa motokrosi kwa macho yake. Lakini kila nilichoeleza hapo juu, ukiacha bendera, anakijua. Siku moja aliniambia, "Kaka, nyuma ukiweka meno 45 mlima inapanda kama mbuzi, ila tambarare inalia tu haiendi." Amebadilisha springi za nyuma akaweka nzito, kwa sababu gunia la kahawa na mikungu ya ndizi haviangalii mahesabu ya kiwandani. Chujio analiosha kila Jumapili baada ya misa. Jeti aliwekewa na fundi wa Kayanga ambaye naye hakusomea popote.

Chombo chenyewe anachoendesha kina historia ya ajabu, na hii ndiyo sehemu niliyoipenda kuliko zote. Mwaka 1966 Luigi Taveri, Mswisi, alikuwa bingwa wa dunia wa 125cc akiwa na Honda yenye silinda tano. Tano, kwenye injini ya 125! Kila silinda ndogo kama kikombe cha kahawa ya kijiweni, na injini ilizunguka zaidi ya mara 20,000 kwa dakika. Mwaka 1967 ulipokwisha Honda wakaacha mashindano hayo. Miaka ya mwanzo ya 1970 wakawatuma wahandisi wao kwenye nchi kama Thailand na Pakistan kuangalia pikipiki zao zinavyotumika. Wakakuta watu hawabadilishi oili, mzigo unapita kiasi, cheni haiguswi mpaka ikatike. Badala ya kuwalaumu wateja, wakatengeneza injini upya. Mwaka 1976, miaka kumi tu baada ya Taveri, ikatoka CG125. Silinda moja, cheni ya ndani ya injini imeondolewa na kuwekwa vijiti vya kusukuma valvu, na cheni ya nje imefunikwa yote isipigwe vumbi. Mwendo wake wa kawaida tu, lakini haifi.

Wachina wakaichukua injini hiyo, wakaitengeneza kwa wingi na kwa bei poa, na ndiyo iliyojaza vijiwe vyetu miaka ya 2000 kabla Boxer na TVS za India hazijapamba moto. Kabla ya hapo pikipiki Karagwe ilikuwa ya padri, bwana shamba au mtu wa mradi, mara nyingi Honda XL au Yamaha DT. Na hiyo DT nayo ni mtoto wa mbio, maana ya kwanza, DT-1 ya mwaka 1968, iliundwa kwa ajili ya watu waliotaka kuonja porini bila kununua chombo cha mashindano. Kwa hiyo padri aliyekuwa anapanda mlima kwenda kigangoni alikuwa amekalia mjukuu wa Camberley bila kujua.

Jina la bodaboda lilitoka mpakani Busia, kati ya Kenya na Uganda, enzi za baiskeli miaka ya 1960. Kwetu sheria ilizitambua pikipiki za abiria mwaka 2010, kwa kanuni za leseni za usafirishaji. Miaka miwili baadaye, 2012, Kyerwa ikakatwa kutoka Karagwe ikawa wilaya. Wilaya mpya, milima ile ile, na barabara nyingi ambazo mvua ikinyesha hakuna kinachopita zaidi ya pikipiki.

Na kuna mbio nyingine ambazo hazisemwi kwa sauti. Bei ya kahawa upande wa Uganda ikiwa nzuri kuliko huku, magunia yanavuka mto Kagera usiku. Mkulima aliyekwishauza butura, yaani kahawa ikiwa bado maua, hana cha kuvusha, lakini wapo wenye nayo. Kijana anapewa gunia, anazima taa, anashuka njia ya ng'ombe kwa mwanga wa mwezi. Mimi kama mwandishi nimesikia simulizi hizi mara nyingi, na kila msimuliaji anasifia uendeshaji, hakuna anayetaja kahawa. Kona fulani Kyerwa zina majina ya vijana waliolala pale.

Binamu yangu mwenyewe ana chuma mguuni tangu mwaka juzi. Haikuwa kahawa. Ilikuwa ubishi wa kijiweni, yeye na mwenzake, jioni, lami kavu, na ng'ombe akaingia barabarani. Mwenzake hakufika hospitali. Alikuwa na miaka 22, na pikipiki yenyewe ilikuwa ya mkataba, bado miezi minne iwe yake. Mwenye pikipiki alikuja msibani, akatoa rambirambi, halafu akauliza mabaki yako wapi. Sijui nimlaumu au nisimlaumu.

Wenye mamlaka wakiulizwa kuhusu spidi jibu lao ni doria na faini, na sipingi, mshikaki wa watu watatu bila kofia unatisha. Lakini wale wabunge wa kisiwani mwaka 1904 hawakuwaambia vijana waache. Waliwafungia barabara na kuwawekea saa. Mtu ataniambia Isle of Man imeua pia, na kweli imeua, zaidi ya watu 250 kwenye njia ile ya milimani tangu ianze kutumika. Ndiyo maana mimi sizungumzii lami. Nazungumzia kilima kimoja cha malisho, utepe, watu wa bendera, na gari moja la wagonjwa limeegeshwa. Motokrosi ya watu wazito inahitaji chombo ambacho bei yake kikiwa kipya inanunua bodaboda zaidi ya tano, hilo halitawezekana leo wala kesho. Ila hakuna kanuni ya dunia inayokataza kundi la CG na Boxer kukimbizana kwenye matope Jumapili mchana, huku mama ntilie wakiuza na watoto wakishangilia.

Nilipomweleza binamu habari za Busiika aliuliza swali moja tu, ni mbali? Ukivuka Murongo kwenda Kikagati, Mbarara ni kama kilometa 70, halafu unaunga barabara kuu ya Kampala. Dar ni zaidi ya kilometa 1,300. Akanyamaza, akaanza kuhesabu mafuta kwa vidole.