Moto wa Wala-Shaba

Mara nyingi katika darasa la historia tunawauliza vijana: shaba ya Katanga ilianza lini? Wanajibu bila kusita: mwezi wa sita 1911, siku tanuru ya Union Minière pale Lubumbashi ilipomwaga shaba yake ya kwanza. Jibu hilo ni la tanuru moja tu. Mbele yake kulikuwa na moto mwingine, nao uliwashwa na wababu wetu.

Moto hautendei vitu vyote namna moja. Udongo wa chungu unakuwa mgumu. Mti unakuwa majivu. Lakini ukifukiwa, pasipo hewa nyingi, unakuwa makala. Wala-shaba, ndivyo walivyoitwa mafundi wale, walijua hayo yote na kuyaunganisha katika kazi moja. Mvua zikiisha na mavuno yakiwekwa ghalani, walikwenda kuchimba malakiti, jiwe la rangi ya majani mabichi. Tanuru waliijenga kwa udongo wa kichuguu. Jiwe likipata moto linageuka jeusi kwanza. Halafu moshi wa makala unaliondolea oksijeni, inabaki shaba. Lakini shaba haiyeyuki mpaka digri 1085, na moto wa kupikia bukari haufiki huko. Kwa hiyo walivuta mivukuto ya ngozi pasipo kupumzika. Askofu de Hemptinne, aliyeonyeshwa kazi hiyo na wazee, aliiandika mwaka 1926.

Shaba iliyoyeyuka ilimwagwa katika kalibu zenye umbo la msalaba. Mwaka 1957 wataalamu Nenquin na Hiernaux walianza kuchimba makaburi ya Sanga, kando ya ziwa Kisale, wakakuta misalaba ya namna hiyo pamoja na mifupa. Wakristo wengine walifurahi upesi mno. Sisi mapadri hasa tuseme kweli: misalaba ya kwanza ilizikwa pale zamani, mbele Wareno hawajafika kwenye kinywa cha mto Kongo mwaka 1482. Si msalaba wa Bwana wetu. Katika makaburi ya zamani zaidi ni mikubwa na haifanani. Katika yale ya nyuma ni midogo, inalingana kwa ukubwa, na mara nyingi imelazwa karibu na mikono ya marehemu. Kitu kinacholingana hivyo kinaweza kuhesabiwa: ilikuwa imekwisha kuwa feza.