Kiganduo, Wala Si Kipenyezi

Imenifikia, kwa mkono wa rafiki asiyechoka kuniletea vya kuniudhi, orodha ya istilahi za ufundi iliyotungwa na jopo ambalo adabu yanizuia kulitaja, na humo, baina ya kipaza sauti na kipenyo, nikakuta yale mafuta mepesi yapulizwayo kwenye bolti iliyoganda kwa kutu yameitwa "kipenyezi kutu", na mbele yake, kana kwamba ni visawe, pakaongezwa "au kilainishi cha kupuliza".

Tuanze na sarufi, kwani ndiko kwenye aibu. Kupenya ni kuingia mwenyewe. Kupenyeza ni kukiingiza kingine, na mwenye kupenyeza magendo bandarini hapenyi yeye, hupenya mali yake. Basi kipenyezi kutu, kwa sarufi ile ile ambayo baadhi ya wajumbe hao huisomesha, ni kitu cha kuitia kutu ndani ya bolti, kazi ambayo chumvi ya bahari ya Omani huifanya usiku na mchana bila ya ujira. Mpinzani wangu mmoja, mtu wa kalamu nzuri na masikio mazito, amenijibu kwamba watu watazoea. Watu wamezoea mengi.

Mimi nimependekeza, na sitaacha kupendekeza, neno "kiganduo". Neno "istilahi" lenyewe ni la Kiarabu, mzizi wake mmoja na wa suluhu na maslahi, maana yake jambo walilopatana watu. Nami sikupatana na mtu. Ganda ni neno letu la asili: damu huganda, maziwa huganda, kupe huganda ngozini, na Kiswahili tangu kale huyapindua matendo kwa kupachika irabu moja tu, ziba ikawa zibua, funga ikawa fungua, ganda ikawa gandua. Kutokana na zibua wazee wetu walipata kizibuo, yaani chombo cha kuzibulia chupa, wala hawakungoja kikao wala posho ya kikao. Kiganduo ni nduguye kizibuo, baba mmoja mama mmoja, na lataja kazi ifanywayo, ilhali kipenyezi lataja njia iliyopitwa, na hiyo nayo kinyumenyume.

Ama kuhusu kilainishi, neno halina taksiri. Taksiri ni kulivisha kopo lisilo lake. Mwenye shaka na ateremke Wadi Kabir, hapa Maskati, penye gereji na maduka ya vipuri yaliyobanana, ambako Kiswahili cha Unguja na Pemba husikika kando ya Kiarabu na Kiurdu. Nilikuwapo dukani mzee mmoja, katika wale waliokuja huku kutoka Unguja baada ya 1970, alipoagiza kilainishi cha kupuliza.

"Babu, cha bawaba au cha kufungulia?" akauliza kijana wa kaunta, ambaye hakupata kuketi katika jopo lolote.

"Nipe kilainishi, mwanangu. Cha kupuliza."

Akapewa grisi nyeupe ya kopo, akashukuru, akenda zake. Baada ya Alasiri akarejea na bolti ya ekzosi kiganjani, pembe zake sita zimelika hata kuwa duara, spana isipate pa kushika. Na ile grisi ilikuwa ingali nyeupe pale pale chini ya kichwa cha bolti, haikuzama hata unywele. Grisi ni nzito, nayo hukaa ilipotiwa, na huo ndio wema wake. Kiganduo, kwa wepesi wake, hujivuta chenyewe ndani ya hesi, hata pale nafasi isipopitisha wembe.

WD-40 ndiyo iliyowachanganya wengi, kwa kuwa yasimama katikati. Ilitengenezwa San Diego, Marekani, mwaka 1953, na kampuni ya Rocket Chemical Company, ili kuikinga ngozi ya kombora la Atlas na kutu, na jina lake ni mkato wa Kiingereza wa kufukuza maji pamoja na hesabu ya jaribio la arubaini; madukani ilitokea 1958. Sehemu yake kubwa hupeperuka ikabakia mafuta haba, hivyo kwa kufukuza maji ni hodari, kwa kugandua ni wastani, na kwa kulainisha mnyororo haidumu. Katika gereji za Wadi Kabir, kila kopo huitwa "WD", liwe la nani liwe la nini, kosa ambalo walau halikupigwa muhuri.

Matumizi ni mepesi: sugua kwa brashi ya waya, puliza, gonga kichwa cha bolti taratibu, ngoja robo saa au usiku kucha, ndipo utie spana, na moto usikaribie.

Wingi wake ni viganduo, ngeli ya ki na vi. Mwenye hoja ya sarufi dhidi yake na ailete. Kwamba jopo halikulipitisha, hiyo si hoja ya sarufi.