Freni za kinga na pikipiki Niemba: kutoka vyuma hadi mafuta

Ndugu mlio bado Kalemie mbali na nyumba zenu, leo tuongee juu ya freni. Wengi wenu mlipokimbia mapigano ya mwaka 2016 na 2017, hamkupanda gari. Mlisukuma kinga, godoro nyuma, mtoto juu yake.

Reli ya kutoka Kabalo ilifika ziwani mwaka 1915, ikipitia hapa Niemba. Lakini treni haiingii shambani, na gari linasimama pale daraja linapokatika. Ndivyo ilivyokuwa tarehe 8 Novemba 1960: askari wa Ireland wa ONU walikuta daraja la mto Luweyeye limebomolewa. Walishambuliwa hapo, na 9 kati ya 11 wakapoteza maisha. Kinga, mwenyewe anaibeba begani, anavuka.

Kinga za wazee wetu zilifungwa kwa vyuma vyembamba kutoka usukani hadi gurudumu. Kikipinda, unakiona, unakinyoosha kwa jiwe. Baadaye ikaja kebo, nayo inachanika uzi mmoja mmoja mbele ya macho yako. Vyote vikikosekana, kuna lapa: mguu juu ya mpira, na harufu yake! Hata pikipiki zenye freni za ngoma, fundi anakaza nati, mkono unarudi kuwa mfupi.

Halafu yakaja mafuta. Honda ilitoa CB750 yenye freni ya diski ya mafuta mbele mwaka 1969. Kwetu zimezoeleka baadaye sana. Hapa ndipo mazoea ya zamani yanatudanganya. Mkono unasukuma mafuta ndani ya mpira, mafuta yanabana plaketi kwenye diski. Ugonjwa wake hauonekani kwa macho. Unasikika kwenye vidole tu.

Mkono ukiwa laini kama sponji, na ukigandamiza mara tatu nne unakuwa mgumu, hiyo ni hewa. Mafuta hayabanwi, hewa inabanwa. Nimeona vijana wakikaza skrubu ya kwenye mkono kama walivyokaza kebo. Skrubu ile inasogeza mkono karibu au mbali na vidole. Inamfaa mwenye vidole vifupi, lakini haitoi hewa hata kidogo. Mkono ukizama polepole huku umeushika, kuna mahali panavuja au mipira ya ndani imekwisha: usibebe mtu.

Mafuta ya injini usiyatie kamwe, yanavimbisha mipira. Tia ya freni, aina iliyoandikwa kwenye kifuniko, DOT 3 au DOT 4, kutoka chupa isiyokaa wazi, maana yanavuta unyevu, na masika yetu mnayajua. Maji hayo yakichemka kwenye mteremko wenye mzigo, freni inapotea ghafla.

Kutoa hewa kunahitaji watu wawili na mpira mwembamba unaoonyesha ndani, ncha yake ikizama kwenye mafuta. Chombo cha juu kisiishe. Mmoja anagandamiza mkono na kuushikilia. Mwenzake anafungua skrubu ndogo kule chini, mapovu yanatoka, anaifunga. Ndipo wa kwanza anaachilia. Akiachilia kabla haijafungwa, hewa inarudi, na kazi inaanza upya.