Uhuru Ilipopoteza Kumbukumbu

Wewe wa Mbotela unayeunda kifaa cha kupima vumbi la Jogoo Road: kikigoma kuhifadhi data, usikimbilie kufuta programu yote. Kumbuka Uhuru.

Tarehe 12 Desemba 1970, Jamhuri Day, satelaiti hiyo ya Marekani ilirushwa kutoka San Marco, baharini karibu na Malindi, kupima eksirei za angani. Muda si mrefu, mashine yake ya kurekodi ikafa. Na huko juu huwezi tuma fundi.

Lakini sensa zilikuwa bado zinasoma. Basi vituo vya ardhini vikaanza kudaka data papo hapo, satelaiti ikipita juu yao. Orodha yake ya mwisho ilifika vyanzo 339.

So uliza kwanza: kimekufa nini, kusoma ama kuandika?