Uzazi na Unyonyeshaji Katika Kambi za Likasi

Likasi, mji wa Kongo uliokuwa ukiitwa Jadotville hadi 1966, ulikua kando ya viwanda vya shaba na kobalti vya kampuni ya Union Minière. Mwishoni mwa miaka ya 1920 kampuni hiyo iliacha kutegemea vibarua wa muda mfupi, ikawahimiza wanaume waishi kambini na wake zao. Zikaja wodi za wazazi, kliniki za watoto na posho ya chakula kwa familia. Si huruma tupu: mtoto wa kambini alihesabiwa kuwa mfanyakazi wa baadaye.

Desturi ilikwenda kinyume na lengo hilo. Katika sehemu nyingi za Kongo mama alinyonyesha miaka miwili au mitatu, na wazazi hawakukutana kimwili hadi mtoto aachishwe ziwa. Watu wa pwani wangesema wanaogopa kumbemenda mtoto, yaani kumdhoofisha kwa kukutana mapema. Wakoloni waliona hapo kikwazo cha uzazi.

Mwili nao una kanuni yake. Mtoto anaponyonya, tezi ya pituitari hutoa prolaktini, inayonasa kwenye vipokezi vya seli za titi na kuamsha jeni za protini za maziwa. Kunyonya mara kwa mara, usiku na mchana, hupunguza pia homoni za ubongo zinazochochea yai kupevuka, hivyo hedhi huchelewa. Mtoto akianzishiwa uji mapema na kunyonya kukapungua, kinga hiyo dhidi ya mimba hulegea.

Prolaktini yenyewe ilitambuliwa na Stricker na Grueter mjini Strasbourg mwaka 1928, kambi zilipokuwa zikibadilika. Jeni ya kipokezi chake ilinakiliwa kwanza kutoka kwa panya mwaka 1988, Union Minière ikiwa imeshataifishwa zaidi ya miaka 20.