Akaunti mbili za WhatsApp katika kompyuta moja

KATIKA mpaka wa Kenya na Uganda, kuanzia Busia hadi Malaba kupitia Chakol, si ajabu mfanyabiashara kuwa na laini mbili za simu: ya Kenya inayoanza kwa +254 na ya Uganda inayoanza kwa +256. Kila nambari yaweza kuwa na akaunti yake ya WhatsApp. Taabu huanza anapotaka kuzisoma zote katika kompyuta moja.

Tatizo hili si geni. Katika miaka ya 2000, watumiaji wa saibakafe walilazimika kufungua Yahoo Messenger na MSN Messenger kando kando, kwa kuwa hazikuwasiliana hadi 2006. Yahoo Messenger ilifungwa Julai 2018.

WhatsApp Business, iliyozinduliwa 2018, inafanana mno na WhatsApp ya kawaida, lakini ni programu tofauti. Simu moja yenye laini mbili yaweza kuwa nazo zote, mradi kila moja iwe na nambari yake.

Kwenye kompyuta, njia rahisi ni kutumia vivinjari viwili, kwa mfano Chrome na Firefox. Katika kila kimoja hufunguliwa anwani ya web.whatsapp.com, kisha alama ya QR husomwa kwa simu kupitia akaunti husika. Kivinjari huhifadhi kumbukumbu ya akaunti moja. Ndiyo maana kufungua ukurasa wa pili ndani ya kivinjari hicho hicho huleta akaunti ile ile.

Akaunti moja huweza kuunganishwa na vifaa vinne zaidi ya simu. Simu isipotumiwa kwa siku 14, vifaa hivyo hukatwa.

Hatari kubwa ni kuchanganya madirisha hayo yanayofanana. Shilingi moja ya Kenya ni sawa na zaidi ya shilingi 20 za Uganda. Hivyo bei iliyotumwa kwa mteja asiyehusika, bila kutaja sarafu, yaweza kuleta hasara na ugomvi. Inafaa kila akaunti iwe na picha yake na kila bei itaje sarafu.

Katika saibakafe, mtumiaji hana budi kutoka katika akaunti zote mbili kabla ya kuondoka. Akisahau, anayemfuata ataweza kusoma barua zake za mizigo na malipo. Hata hivyo, angali anaweza kuikata kompyuta hiyo kwa simu, katika sehemu ya vifaa vilivyounganishwa.