Faili la hifadhidata kutoonekana kwenye mtandao wa ofisi

Kutoonekana kwa faili la hifadhidata ni hitilafu inayotokea pale faili lililowekwa kwenye kompyuta moja ili litumiwe na ofisi nzima, kwa kawaida la Microsoft Access, linapokosekana au kukataa kufunguka kwenye kompyuta nyingine. Mara nyingi faili ni zima na lipo palepale; kilichokatika ni njia ya kulifikia. Makala hii inahusu mifumo ya Windows.

Chimbuko

Kushea mafaili kwenye Windows hutegemea itifaki ya SMB, iliyobuniwa na Barry Feigenbaum wa IBM mwanzoni mwa miaka ya 1980 na kuendelezwa na Microsoft. Access ilitoka mwaka 1992, ikapendwa na ofisi ndogo kwa kuwa haikudai seva ya pekee: faili moja ndani ya folda ya pamoja lilitosha kuhudumia karani, mhasibu na mtunza stoo.

Wakati huo kompyuta zilijuana kwa njia ya orodha. Mashine moja ilichaguliwa na wenzake kutunza majina ya zote. Orodha hiyo haikuwa ya kuaminika hata siku moja. Kompyuta iliyozimika ghafla iliweza kuendelea kuonekana humo kwa zaidi ya nusu saa, na mpya ikachelewa kujitokeza.

Mei 2017 kirusi WannaCry kilisambaa kwa kupenya udhaifu wa SMB toleo la 1, kikalemaza kompyuta nyingi, zikiwemo za hospitali za Uingereza. Kiraka kilikuwa kimetolewa tangu Machi 14 mwaka huohuo, lakini wengi hawakuwa wamekiweka. Mwezi Oktoba, Windows 10 toleo la 1709 ikaanza kusakinishwa bila toleo hilo la SMB, na huduma ya orodha iliyolitegemea ikaondoka nalo. Ofisi zilizonunua kompyuta mpya zikakuta dirisha la mtandao tupu, ilhali mashine kuukuu zikionana bila shida. Mwaka 2018 toleo la 1803 likaondoa pia HomeGroup, iliyokuja na Windows 7.

Sababu

Kubwa ni mtandao kusajiliwa kuwa wa umma. Ruta ikibadilishwa, Windows huweza kuuona mtandao uleule kuwa mgeni, ikaificha kompyuta na fayawoli ikafunga lango namba 445 ambalo SMB hupitia.

Ya pili ni herufi ya diski. Diski Z ya mezani kwa mhasibu si lazima iwe Z kwa karani, na jedwali lililounganishwa kwa herufi hiyo hupotea kwake. Aidha, tangu Windows Vista, programu iliyofunguliwa kwa mamlaka ya msimamizi huenda isizione kabisa diski za mtandao alizounganisha mtumiaji yuleyule.

Ruhusa zina tabaka mbili, za folda iliyosheawa na za diski yenyewe, na kali kati yake ndiyo hushinda. Access huongeza sharti lake: linapofunguliwa faili la .accdb huzaliwa kando yake faili dogo la kufuli, .laccdb. Mtumiaji asiye na ruhusa ya kuunda na kufuta mafaili ndani ya folda hiyo hawezi kulizalisha, na hapo wenzake huweza kufungiwa nje.

Kompyuta iliyoungwa kwenye Wi-Fi ya wageni nayo hailifikii faili, kwa kuwa Wi-Fi hiyo huwa imetengwa na mtandao wa ofisi.

Mara nyingine faili huonekana lakini hukataa kufunguka kwa sababu ya toleo: Access 2013 na za baadaye hazifungui mafaili ya Access 97.

Utatuzi

Fundi makini haanzi na dirisha la mtandao. Huandika njia kamili, mfano \\MHASIBU\Data, kisha huirudia kwa anwani ya IP. Namba ikifungua na jina likagoma, kosa ni la utambuzi wa majina. Vyote vikigoma, hukagua fayawoli na aina ya mtandao. Folda ikifunguka lakini faili halimo, ni suala la ruhusa, au faili limehamishwa.

Kuzima fayawoli yote au kurudisha SMB 1 ni tiba mbaya sana, ingawa bado inafanyika. Access kupitia Wi-Fi nayo haishauriwi: mawimbi yakikatika katikati ya kuandika, faili huweza kuharibika.

Hali ya sasa

Windows 11 toleo la 24H2, la mwaka 2024, kwenye Pro hudai saini kwenye mawasiliano ya SMB na hukataa kuingia kama mgeni asiye na nenosiri. Vifaa vya kale vya kuhifadhia data hukwama hapo.